Hadisi, Siyo Mahindi

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye kilio cha Mama Zawadi, mtaani Majengo, nimeketi chini ya shitingi, turubai la msaada, iliyofungwa kutoka ukuta mmoja wa mbao hadi mwingine, sahani ya maharagi magotini, nikamsikia mama mmoja mzee akisimulia hadisi yangu. Aliisimulia vibaya. Nasema vibaya kwa kipimo nilichokuwa nacho nikiwa na miaka kumi na tisa, na aibu ya kipimo hicho bado ninayo: aliruka mwanzo, akarudia katikati, akasimama kuomba chumvi, akaendelea mahali pasipo pake. Wanawake walimsikiliza huku wakitwanga sombe, majani ya muhogo, nao waliguna pale hasa ambapo mimi, miaka ile, ningetamani mtu agune. Alipofika pale mke anapoanza kumwomba komanda wa askari, nilishindwa kuvumilia. Nikasema, "Samahani, mama, hapo kwanza komanda anamkataza mara tatu." Wote wakanigeukia. "Wewe papa, hadisi hii unaijulia wapi?" Nikajibu kwamba ni hadisi ya Wahindi, ya kale sana. Walicheka mpaka mmoja akajifuta macho kwa kitenge. "Wahindi ya wapi? Hii ni ya kwetu Kibumba. Kula maharagi yako, papa, inapoa." Nikala. Zawadi, binti wa marehemu, sasa mama wa watoto wanne, alipita na sufuria, akanijazia sahani bila kunitazama. Kati ya wote waliokuwa pale, yeye peke yake anajua hadisi ile ilitoka wapi na ilitokaje. Nimechoka kumwachia siri hiyo kama mtu anayemwachia mwenzake mzigo njiani, kisha anajifanya anafunga kamba za kiatu.

Mwaka ule wa miaka yangu kumi na tisa, vita vilishuka tena kutoka Rutshuru, kaskazini mwa mji wetu. Asubuhi ungeona barabara yote imejaa magodoro juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, mbuzi, sufuria zenye masizi, watu wanaotembea bila kuongea. Mimi nilikuwa na chumba cha mbao, meza, rula, kalamu mbili, na imani kwamba jambo kubwa la mwaka ule ni sentensi zangu. Sikusoma chuo chochote. Nilijifundisha mwenyewe, na kama wengi waliojifundisha wenyewe niliwadharau waliofundishwa, na kuwaogopa kwa kiasi kilekile. Nilinawa mikono kabla ya kuandika. Ukurasa wenye kosa moja sikuusahihisha. Niliuchana na kuanza upya, hata kosa lenyewe likiwa kwenye mstari wa mwisho. Kuna ukurasa mmoja niliuandika mara kumi na saba. Ule wa kumi na saba ulikuwa mbaya kuliko wa pili, na nilijua, lakini niliutunza kwa sababu ulikuwa safi. Mabomu yaliposikika upande wa kaskazini nilikasirika, kwa sababu meza ilitikisika.

Hadisi za Wahindi nilizipata kwenye kalanga. Mama mmoja aliyeuza kalanga za kukaanga kwenye kona yetu alikuwa amepewa kitabu cha Kifaransa kilichotupwa na duka fulani, jalada limetoka, naye alikuwa akikichana ukurasa kwa ukurasa kutengeneza vifuko. Kila kifuko ukurasa mmoja, bila mpangilio. Nilinunua kalanga hadi tumbo likavimba. Mafuta yalipenya karatasi, herufi za nyuma zikaonekana mbele, hivyo nilisoma hadisi mbili kwa wakati mmoja. Nilisoma juu ya mwana wa mfalme aliyenyang'anywa mkewe, na jeshi la nyani lililojenga daraja la mawe juu ya bahari ili amfuate. Nilisoma juu ya mtoto ambaye baba yake, bila kumtambua, alimkata kichwa, kisha kwa majuto akampa kichwa cha tembo, na mtoto akawa mungu. Nilikuwa sijawahi kusoma kitu kama hicho. Badala ya kukaa kimya mbele yake kama mtu mwenye adabu, nilichukua rula.

Leo naona nilichofanya kama wizi wa mtu asiyejua hata thamani ya alichoiba. Nyani nikawageuza vijana wa chukudu, bahari ikawa Ziwa Kivu, mawe yakawa yale meusi ya volkano, kana kwamba kubadilisha rangi ya mawe ni kusimulia. Kichwa cha tembo niliogopa kitachekwa, nikaweka cha ngagi, sokwe mkubwa wa mbuga, ili watalii wanaofika Rumangabo kumwona wapende. Sikuelewa kwamba kile kichwa kiko pale kwa sababu baba alikosea, na kwamba hadisi nzima inasema kosa la namna hiyo halifutiki, hubebwa mabegani mchana kweupe na watu wote wakaliona. Mimi nilikuwa nikitafuta hadisi isiyo na kosa.

Halafu nikapata ukurasa wa mke na Kifo. Mume amekufa msituni akipasua kuni. Kifo mwenyewe amekuja kumchukua. Mke anafuata nyuma. Kifo anamwambia arudi, anakataa. Kifo anavutiwa na maneno ya mke, anasema: omba chochote, isipokuwa uhai wa huyu. Mke anaomba macho ya baba mkwe wake aliye kipofu. Anapewa. Anaomba ufalme walionyang'anywa. Anapewa. Omba tena, anaambiwa, na hapo ukurasa ukaisha. Nilirudi kwa mama wa kalanga mbio. "Mama, nataka kifuko cha karatasi inayofuata hii." Aliniangalia kama anavyoangaliwa mgonjwa. "Mutoto, karatasi haina butamu. Butamu iko kwa kalanga." Ukurasa uliofuata ulikuwa umeshauzwa.

Kwa hiyo nikaenda Birere, kwa Mhindi mmoja aliyeuza sahani na mabeseni, Bwana Mukeshi. Nilizunguka mbele ya duka lake karibu asubuhi yote nikipanga sentensi yangu ya kwanza. Alikuwa akifunga mabeseni kwa kamba, kumikumi. "Kijana, unataka beseni?" Nikasema, "Nataka mwisho wa hadisi." Nilimsimulia nilipofika. Aliacha kamba. Akasema kwa Kiswahili chake cha Bujumbura: "Hii hata mbwa ya kwetu anajua. Yule mama anaomba watoto wa kiume mia moja. Kifo anakubali, hafikiri. Mama anasema, sawa, mia moja, baba yao yuko wapi? Basi Kifo amenaswa." Nilipiga makofi peke yangu pale dukani. Mukeshi hakufurahi nami. "Wewe unapenda hila," alisema. "Mama yangu hakupenda hila. Kila mwaka, siku ya kumkumbuka huyu mwanamke, mama yangu alikaa bila chakula, bila maji, akazungusha uzi kwenye mti mkubwa. Alisema yule hakushinda kwa mdomo. Alishinda kwa miguu. Kifo anasema rudi, yeye anatembea. Rudi, anatembea." Nikamshukuru, nikaondoka nikimdharau. Muuza mabeseni angejua nini juu ya hadisi? Nilichukua hila, miguu nikaiacha dukani kwake.

Nilifanya kazi majuma matano. Kifo nikamgeuza komanda kwenye bariere, kizuizi cha askari barabarani. Mume akawa mkulima aliyekamatwa. Ufalme ukawa shamba la shu, yaani kabichi, na bariere nikaiweka Kibumba, kwa sababu nilidhani jina la mahali panapojulikana huipa hadisi uzito, kama jiwe kwenye gunia. Nilikuwa sijafika Kibumba hata siku moja.

Klabu yetu ya fasihi ilikuwa na vijana saba na prezida mmoja aliyevaa skafu hata jua likiwaka. Yeye alisema "watu wetu" kwa sauti ambayo mtu husemea mifugo. Ndiye aliyeamua tupeleke utamaduni kwa wakimbizi waliolala kwenye shule moja, nami nikachaguliwa kusoma. Jina langu ni Muhindo, jina ambalo Wanande humpa mtoto anayegeuza mfululizo, mvulana baada ya wasichana au msichana baada ya wavulana. Lakini tangu nianze na Wahindi wangu, klabu waliniita Muhindi kwa utani. Prezida akamwandikia mtu wa megafoni kikaratasi: Hadisi ya Muhindi, saa nane. Yule mtu akazunguka uwanja wa shule akitangaza. Megafoni ilikuwa mbovu, upepo ulikuwa mkali, na watu walikuwa hawajapata chakula cha msaada kwa siku nyingi. Saa nane kamili darasa lilijaa watu wenye magunia na mabeseni.

Nilisimama nikiwa na karatasi zangu safi. Nilidhani wamekuja kunisikiliza. Nakiri hata machozi yalinilenga.

"Mahindi iko wapi?" aliuliza mzee mmoja wa mstari wa mbele.

"Hapana mahindi, muzee. Ni hadisi."

"Hadisi ya mahindi?"

"Hadisi ya Muhindi. Ya Muhindo. Ni mimi."

"Wewe njo mahindi?" Darasa likapasuka kwa kicheko. "Basi tukuchome ao tukusage?"

Mama mmoja nyuma akasema, bila kucheka, "Hadisi tulikimbia nazo, mutoto. Mahindi njo tuliacha."

Waliondoka wakipigana vikumbo mlangoni. Prezida alirekebisha skafu yake na kuninong'oneza kwamba umma bado haujaiva. Kisha mvua ikaanza, na mvua ndiyo iliyonipatia wasikilizaji: watu kama kumi na wawili waliorudi ndani kwa ajili ya mabati. Kati yao alikuwamo mama mwenye kitambaa cha kijani kichwani, ambaye hakuwa ametoka kabisa. Alikuwa amepindua beseni lake tupu na kulikalia. Nilisoma. Wengine walikamua nguo, wakaongea juu ya paa linalovuja. Yeye aliweka viganja magotini na kunitazama mdomoni, neno kwa neno, mpaka mke alipomnasa komanda na kurudi nyumbani na mumewe. Nilifunga karatasi. Akainua mkono, kama darasani.

"Mutoto, ile bariere ya kwa shamba ya shu, ni ile ya juu ao ya chini?"

"Ya juu," nikasema.

"Na ule komanda, jina yake nani?"

Sikuwa nimempa jina. Majuma matano, na sikuwa nimempa jina! Nilishtuka kama mwanafunzi aliyenaswa. Mvua ilikuwa ikipiga mabati. "Wanamwita Komanda Mvua," nikasema.

"Na anakubaliaka mama aseme?"

"Anakubali."

"Aksanti, papa." Akachukua beseni lake, akatoka kwenye mvua. Dakika moja kabla nilikuwa mutoto. Nililitafuna lile neno papa, yaani baba, njia nzima hadi nyumbani.

Lazima nieleze jambo ambalo kila mtu mjini alilijua mwaka ule. Habari za waliokamatwa hazikutolewa wazi. Ukisema, "Nimemwona bwana yako mahali fulani," ungeulizwa wewe ulikuwa huko ukifanya nini na nani, na swali lile liliweza kukuua. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na habari alikuja jikoni kwako, akaomba maji, akaanza: kulikuwaka mutu moja. Angesimulia juu ya sungura, juu ya mfalme, juu ya yeyote yule, na wewe ungeuliza maswali madogo: njia ipi, mlima upi, nani analinda. Kisha ungemshukuru. Nilikuwa nimesikia mazungumzo kama hayo nyuma ya ukuta wangu wa mbao mara nyingi, nikayadharau kwa sababu hayakuwa na mtindo. Kwa hiyo siwezi kujificha nyuma ya kutojua. Alipouliza jina la komanda, nilielewa. Sikuelewa lote, lakini nilielewa vya kutosha. Hakuna mama wa Kibumba anayeuliza jina la mtu wa kubuni kwa ajili ya uzuri wake. Nilielewa, na nikachagua kuamini kwamba hadisi yangu ilikuwa imemgusa.

Siku ya tatu msichana wa rika langu alikuja chumbani kwangu, viatu mkononi, matope hadi magoti. Hakuketi.

"Wewe njo Muhindo ya hadisi?"

"Ni mimi."

"Mimi ni Zawadi. Mama yangu ameenda Kibumba. Papa alirudiaka kule kuchimba viazi, ni majuma sita hatujamusikia. Mama anasema ulimuambia papa eko muzima, kwa bariere ya juu. Nani alikuambia?"

Nilisema hakuna aliyeniambia.

"Hakuna? Ulimuona wewe mwenyewe?"

"Hapana. Nilitunga."

"Kutunga ni kufanya nini?"

Nilianza kueleza. Mungu anisamehe, nilianza na Wahindi. Nilimwonyesha hata karatasi ya kalanga. Aliishika kwa ncha za vidole, akaisoma mistari miwili, akanirudishia.

"Kwa hiyo ni uongo."

"Si uongo, ni..."

"Mama yangu ameenda kupita katikati ya masasi ya bunduki juu ya karatasi ya kalanga." Hakupiga kelele. Alitazama meza, rula, kalamu mbili zilizolala sambamba. "Na unapanga bintu muzuri hivi," alisema, akatoka.

Ningeweza kumfuata. Ningeweza kwenda hadi mwisho wa mji kuuliza wanaotoka kaskazini kama wamemwona mama mwenye kitambaa cha kijani. Zawadi alikwenda huko kila siku. Mimi nilikwenda kwa prezida. Aliposikia, macho yalimng'aa. "Unaona!" alisema. "Hii ndiyo nguvu ya fasihi! Andika, mukubwa, andika mbichi hivyo hivyo!" Nilimdharau kwa moyo wangu wote, nikarudi nyumbani, nikaandika. Siku tisa mama yule alipokuwa njiani, mimi nilikuwa nikirekebisha aya ya komanda, kwa sababu sasa alikuwa na jina. Baadaye klabu ilichapisha hadisi ile katika kijitabu. Ndani yake mke anamnasa komanda kwa hila, anarudi na mumewe, na shu zimekomaa. Watu wameisifu mbele yangu kwa miaka, nami nimeinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Siku ya kumi nililetewa neno: Mama Zawadi amerudi, anakuita. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa hata nimepanga maneno ya kuomba msamaha, aya mbili. Familia nne zilikuwa zikiishi katika darasa moja la shule ile, zimetenganishwa na vitenge vilivyoning'inizwa juu ya kamba. Nyuma ya kitenge cha mwisho Mama Zawadi alikuwa ameketi juu ya mkeka, miguu imevimba hadi ikakosa vifundo, ameiegemeza kwenye dawati. Zawadi alikuwa akimenya viazi vilivyochemshwa na maganda. Mama alinikaribisha kwa mikono miwili. "Ingia, papa. Kula. Ni viazi yetu."

Nikala. Viliniunguza ulimi, na sikuthubutu kupuliza.

"Bariere ya juu haiko tena," alisema. "Imebakia ile ya chini. Niliuliza Komanda Mvua. Walicheka sana. Moja akasema, mama, hapa kila komanda ni mvua, sema yako, na iwe fupi." Alisogeza miguu juu ya dawati. "Nilikuwa nimeshika maneno yako yote, papa. Ile ya macho, ile ya shamba, ile ya batoto. Njia yote nilikuwa nairudilia. Lakini nilipowaangalia usoni niliona kama bwana yangu haiko tena. Mutu aliye muzima, wanaomushika wanakuangalia tofauti. Basi sikuomba batoto. Niliomba njia, wakanipatia njia. Niliomba mahali alipolala. Moja akanipeleka, alikuwa kwa shamba, katikati ya viazi, udongo kidogo tu juu yake, kama vile mutu anafunika moto. Nikaomba jembe."

"Wakakupa?"

"Wakanipa. Nilimufunika muzuri, papa. Siku mbili. Nikachimba na hizi viazi za pembeni, sababu hatuwezi kuacha chakula ioze."

Zawadi hakuinua kichwa. Ganda la kiazi lilikuwa likitoka mkononi mwake refu, bila kukatika.

Hapo ndipo ningesema. Aya zangu mbili zilikuwa tayari kinywani. Mama alinisogelea, akashusha sauti ili wale wa nyuma ya kitenge wasisikie. "Ulisemaka kweli. Alikuwa palepale, kwa shamba. Wengine wote waliniambia eko Uganda, eko Rutshuru, eko Masisi. Wewe tu ulijua. Sasa niambie, papa, nani alikuambia? Ni mutu aliyemuona akifa? Aliongea kitu?"

Nilimtazama. Ningeweza kumwambia kwamba hakuna mtu, kwamba shamba lilikuja kwa sababu nilihitaji kitu mahali pa ufalme. Nikasema, "Mama, siwezi kutaja jina lake."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kwa heshima. "Una haki. Usimutaje. Mungu amulinde." Akaniongezea kiazi.

Zawadi alinisindikiza hadi kwenye geti la shule, kama desturi inavyotaka mgeni asindikizwe. Nikasema asante kwa viazi. Alisimama, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya matope, bila hasira, kama mtu anavyokitazama chombo kilichovuja.

"Uongo yako moja imetupatia kaburi," alisema. "Usituletee ya pili."